Patrika ya Wamarathi na Karatasi Yetu ya Damu

Kiangazi kimeingia, vumbi limetanda, na Jumamosi hapa Uvira ni honi za magari ya harusi tu, Mulongwe mpaka Kasenga. Sitaki kusema habari za honi. Nataka tuzungumze juu ya kitu kinachotangulia honi kwa miezi mingi: ile siku familia mbili zinapokaa kuchunguzana, kila moja ikijiuliza kimoyomoyo, hawa ni watu gani tunaotaka kuchanganya nao damu?

Nitaanzia mbali kidogo, nivumilieni. Magharibi mwa India kuna jimbo la Maharashtra, lenye miji ya Mumbai na Pune, na wenyeji wake ni Wamarathi. Huko, katika familia nyingi za Kihindu, kijana akitafutiwa mchumba, kitu cha kwanza kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile ni karatasi inayoitwa patrika. Ndani yake mna tarehe aliyozaliwa, saa na dakika, mji, na ramani ya anga ilivyokuwa wakati ule. Mnajimu anaweka patrika mbili ubavu kwa ubavu. Anatazama mwezi ulikuwa katika kituo kipi kati ya vituo 27, kisha anatoa alama juu ya 36. Zikipungua 18, wazee wengi wanafunga daftari na kuagana kwa chai.

Alama hizo 36 zimegawanywa katika mafungu 8 yasiyolingana. Fungu jepesi lina alama 1, na fungu zito kuliko yote, lenye alama 8, linaitwa nadi. Nadi ziko tatu. Kijana na binti wakiwa na nadi moja wanapata sifuri hapo, kwa maana inasemwa watoto wao watakuwa dhaifu au hawatakaa. Lishikeni hilo la nadi, tutalihitaji.

Tena kuna Mangal, ambayo ni sayari ya Mirihi. Ikiwa imekaa katika nyumba fulani za ramani yako, unaitwa mangalik, na inaaminiwa utamfupishia mwenzako maisha. Dawa ni kukuoza kwa mangalik mwenzako. Dawa nyingine ni kukufungisha kwanza ndoa na mgomba au na chungu cha udongo, ili balaa imwangukie huyo mume wa kwanza. Ndipo unaolewa na mtu.

Najua kuna mzee wa Nyamianda anacheka sasa hivi. Papa, usicheke sana. Sisi nasi tunayo yetu, na kwa hesabu yangu tunayo matatu.

La kwanza ni la wazee wa ukoo. Kabla ya mkwe kupewa kiti, shangazi ameshatumwa kuuliza kwenye avenyu yao: wanakula nini, wanagombana vipi, babu yao alikufa kwa ugonjwa gani, kuna anayetajwa ulozi? Kwa Wavira, Wafuliiru na Wabembe, na hata kwa Warundi wa bondeni, hakuna familia inayotoa binti bila uchunguzi huo. Mimi naupenda. Shangazi mmoja mwenye masikio mazuri anajua zaidi ya karatasi kumi.

La pili ni nyota zenyewe, kwa Waislamu wetu wa mwambao. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, walikuta wafanyabiashara wa Ujiji wameshafanya hapa kituo chao cha mwisho upande wa kaskazini wa ziwa. Biashara ile ilikuja na Kiswahili, na Kiswahili kilikuja na elimu zake, mojawapo ikiwa falaki. Anayeijua haulizi saa ya kuzaliwa. Anauliza jina lako na jina la mama yako. La baba halimhusu. Waliotunga hesabu hii walikuwa watu wazima, walijua mzazi asiye na shaka ni nani. Kila herufi ya Kiarabu ina tarakimu yake. Anajumlisha, anaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota yako: moja Hamali, mbili Thauri, tatu Jauza, mpaka kumi na mbili, Hutu. Kisha majina ya wawili yanapimwa pamoja, na mwalimu anasema yanapatana au hayapatani. Kitabu chenye jina la Abu Ma'shar, mnajimu wa Balkh aliyefariki mwaka 886, bado kinasomwa kwa kazi hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Wazee waliokuwa wakifuatilia mambo ya Dar es Salaam watamkumbuka Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011. Utabiri wake ulisubiriwa hata na wasiouamini. Niseme pia kwamba masheikh wengi wanaikataza elimu hii kabisa, na wanaoifuata wanaifuata kimyakimya.

Tufanye hesabu moja hewani, chukueni kalamu. Binti anaitwa Mariamu. Mim 40, ra 200, ya 10, mim 40: jumla 290. Mama yake ni Halima. Ha 8, lam 30, ya 10, mim 40, na ile herufi ya mwisho yenye nukta mbili juu, wengi wanaihesabu 5: jumla 93. Zijumlishe, 383. Ondoa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki 11. Mariamu ni Dalu. Vizuri. Lakini wapo wanaosema herufi ile ya mwisho ni ta, na ta ni 400. Basi Halima anakuwa 488, jumla 778, inabaki 10, na Mariamu ni Jadi. Binti ni yuleyule, mama ni yuleyule, mchumba anasubiri nje, na nyota imehama kwa sababu ya nukta mbili.

La tatu ndilo limeshamiri zaidi mjini kwetu, nalo ni la vyumba vya maombi. Binti anafunga siku tatu, anaenda kwa nabii, nabii anasema: nimeonyeshwa mwanaume mrefu, anatoka upande wa kusini. Au anasema: huyo uliye naye, Bwana hajamkubali. Sina ugomvi na sala. Ninachouliza ni kwamba ndoa ikivunjika baada ya miaka miwili, nabii anaitwa kwenye kikao cha familia? Shangazi aliyepeleleza vibaya anaitwa, anasemwa mpaka analia. Nabii na mnajimu hawaitwi.

Je, mambo haya yamepimwa? Yamepimwa, tena hukohuko kwa Wamarathi. Mwaka 2008 Jayant Narlikar, mtaalamu wa elimu ya anga aliyejulikana India nzima, alikusanya pamoja na wenzake mjini Pune patrika 200: mia za watoto wenye akili nyingi shuleni, mia za watoto wenye ulemavu wa akili. Waliwapa wanajimu, kila mmoja patrika 40, watenganishe kundi na kundi. Wanajimu 27 walirudisha majibu, na waliyopata kwa wastani ni kama asilimia 46. Ukirusha sarafu unapata 50. Mmoja wa wenzake Narlikar katika kazi ile alikuwa daktari Narendra Dabholkar, aliyepigana na ushirikina maisha yake yote. Aliuawa kwa risasi Pune tarehe 20 Agosti 2013, akiwa katika matembezi yake ya asubuhi. Na Uingereza, mwaka 2007, mtafiti David Voas alichukua takwimu za sensa ya 2001, waume na wake wapatao milioni 20, akatafuta kama kuna nyota zinazovutana kuliko nyingine. Hakukuta kitu.

Kwetu hata mnajimu wa Pune angekwama kabla ya kuanza. Anataka dakika ya kuzaliwa. Nani hapa anaijua? Wako waliozaliwa porini Oktoba 1996 familia zikikimbia vita, na tarehe iliyo kwenye kadi yao ya mpiga kura ilikadiriwa na mwandikishaji aliyekuwa na haraka.

Basi kama nyota haziwezi kutenganisha mtoto na mtoto, kwa nini watu wenye akili, mainjinia wa Mumbai, wafanyabiashara, bado wanazipelekea watoto wao? Wengi wanajibu: ujinga. Jibu hilo ni rahisi mno. Mimi naona nyota inafanya kazi moja ambayo vikao vyetu vinaijua vizuri: inakataa bila kutukana. Familia imeona kijana hana tabia, au ukoo wake haueleweki, au binti mwenyewe amemwambia mama yake usiku kwamba hamtaki. Ukisema wazi, mmeachana kwa ugomvi, na kesho mnakutana sokoni Mulongwe. Ukisema nyota hazikupatana, hakuna aliyekosa. Wazee wanasimama, wanasalimiana, biashara ya ndagala inaendelea. Nabii naye anatumika hivyohivyo. Mama asiyemtaka mkwe anajua chumba gani cha kwenda kuomba.

Ningekuwa tayari kuuacha ustaarabu huo uendelee, kama gharama yake isingeangukia upande mmoja. Kijana aliyekataliwa kwa nyota anaoa mwaka unaofuata. Binti, maneno yanabaki naye. Patrika ya binti ikiwa na Mangal, habari inatangulia kila mahali anapoposwa. Zipo familia zinazolipa patrika ibadilishwe saa ya kuzaliwa. Na kwetu binti aliyesemwa ana mkosi, au ana roho ya majini, au mume wa ziwani, anaanza kupelekwa huku na huku kuombewa, umri unakwenda, na anayeuliza nani alisema haoni mtu.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha Wamarathi ninachokitamani. Si nyota. Ni saa ambayo karatasi inaletwa. Patrika inaletwa mwanzo, kabla vijana hawajazoeana, kabla faranga haijatoka, kabla mtu yeyote hajawa na cha kupoteza. Jibu likiwa hapana, hapana inasemeka.

Sasa tazameni utaratibu wetu. Kijana anajitambulisha. Familia inapiga hodi. Inatolewa orodha ya mahari: ng'ombe wanaohesabiwa kwa ng'ombe na kulipwa kwa dola, blanketi la bibi, koti la papa, kitenge cha mama, mbuzi wa wajomba. Sheria yetu ya familia hapa Kongo, ile ya Agosti 1987 iliyorekebishwa Julai 2016, inayatambua mahari hayo kama sehemu ya ndoa. Miezi inapita watu wakilipa. Tarehe ya ndoa ya leta, yaani ya serikali, inapangwa. Kanisani matangazo yanaanza kusomwa, na hapo ndipo mchungaji au padri anasema: wanangu, leteni karatasi za daktari. Sale zimeshashonwa. Wageni wa Bukavu wameshakata tiketi. Vijana wanakwenda laboratuari wiki ya mwisho, na majibu yakirudi mabaya, nani ana kifua cha kurudisha ng'ombe? Karatasi inakunjwa, inawekwa ndani ya Biblia.

Na majibu ninayoyasemea hasa ni ya ugonjwa ambao nchi yetu, pamoja na Nigeria na India, inabeba mzigo wake mkubwa kuliko nchi nyingine duniani. Hospitalini wanaita drepanositozi, ndugu zetu wa Tanzania wanaita selimundu, mitaani tunasema tu: mtoto SS. Chembe nyekundu za damu zinapinda, zinakwama kwenye mishipa, mtoto analia mifupa usiku kucha, anaishiwa damu, anaongezewa, anaishiwa tena.

Unapatikana hivi. Kila mtu amerithi herufi mbili, moja ya baba, moja ya mama. AA hana kitu. AS anabeba S moja, na kwa kawaida ni mzima, anavua, analima, anacheza mpira, hajui chochote. Wataalamu wanakadiria kuwa nchini mwetu wabebaji ni kama mmoja katika kila watu wanne au watano. AS akioana na AA, hawazai SS. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Nasema kila mimba. Si kwamba wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata wameshalipiwa.

Hapa turudi kwenye nadi. Wahenga wa kule walihisi kwamba watu wawili wazima, wanaofanana katika kitu kisichoonekana, wanaweza kuzaa mtoto anayeteseka. Swali lao halikuwa la kipuuzi. Walilitafutia jibu kwenye mwezi, na mwezi haukuwa nalo. India yenyewe imeshaliona hilo. Ugonjwa huu uko sana katika jamii za wenyeji wa misituni, pamoja na zile za Maharashtra, na Julai 2023 serikali yao ilizindua mpango wa kuutokomeza. Watu wanapimwa na kupewa kadi inayoonyesha hali ya damu yao, ili vijana wazilinganishe kabla ya kuoana, kama wazazi wao walivyolinganisha patrika.

Mama mmoja akisikia hivi atasema: lakini kwetu hakujawahi kuwa na SS, hii imetoka upande wa mke. Hapana, mama mkwe. Mtoto hawezi kuwa SS bila S ya mwanao. Kila mara mke anapofukuzwa kwa sababu amezaa watoto wa kulala hospitali, anayemfukuza amechangia nusu kamili. Wala hiyo S si laana ya mtu. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayebeba S moja anakingwa kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana herufi hii imeenea sana palipo na mbu. Tunaoishi kati ya bonde la Rusizi na ziwa hatuna haja ya kutafuta mlozi. Ni mbu wa kale waliotuchagulia babu zetu.

Pendekezo langu basi, na najua halitawafurahisha wote: karatasi ya damu iende na barua ya kwanza. Ile barua ya kupiga hodi, kabla ya orodha. Hata bora zaidi, vijana wajijue kabla hawajapendana, wakiwa bado shuleni.

Wachungaji wawili niliozungumza nao walinipa pingamizi lenye uzito. Walisema: tukifanya hivyo, AS atakuwa mangalik wetu. Binti atapimwa, shangazi atajua, avenyu nzima itajua, na hataolewa. Ni kweli, ninavyoujua mji huu. Kwa hiyo karatasi ile isisomwe kikaoni, wala isitajwe kanisani. Majibu ni ya wawili wale, mbele ya muuguzi anayejua kueleza. Wakitaka kuachana, wana haki ya kusema nyota hazikupatana. Hapo kwa mara ya kwanza nyota itakuwa imefanya kazi ya maana. Wakitaka kuoana wakijua, ni watu wazima, na sheria haiwakatazi. Na apimwe kijana kwanza. Akiwa AA, binti hana sababu ya kuchomwa sindano kwa jambo hili, na hakuna wa kumnyooshea kidole.

Mambo mawili ya laboratuari, maana hapa wengi wanapotea. Ukiulizwa hali yako ukajibu "mimi ni O pozitifu", hujajibu. Hilo ni kundi la damu, na ndoa haiulizi hivyo. La pili, kipimo cha bei nafuu kinachoitwa Emmel kinaonyesha kama chembe zinapinda, basi. Hakitofautishi AS na SS. Kinachotaja herufi zako zote mbili ni elektroforezi, na si kila laboratuari inaifanya, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Na ninyi ambao mmeshaoana, karatasi mliikunja au hamkupima kabisa? Mtoto wa kuanzia miezi sita akivimba viganja na nyayo bila kuanguka, macho yakiwa ya manjano, akipauka mara kwa mara, msiishie kumpeleka chumbani kuombewa. Mpelekeni apimwe herufi zake. Akikutwa SS mapema, kuna penisilini ya kila siku mpaka afikishe miaka mitano, kuna chanjo, kuna kinga ya malaria, kuna dawa ya haidroksiyurea inayopunguza zile siku za maumivu. Chandarua kila usiku, maji mengi mchana. Siku ya chanjo muuguzi yupo na kadi ya mtoto mnayo mkononi: mwulizeni wapi wanapima, na bei, kabla hamjatoka foleni.